Milimita mbili zilizonyanyua sakafu: kisa cha lamineti Nzuguni

Nilifika kwenye nyumba moja Nzuguni, hapa Dodoma, wiki ya pili ya Januari. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ya mtaani ilikuwa tope tupu. Mwenye nyumba, mama mtu mzima mwenye duka la ushonaji mjini, alinipokea mlangoni. Baada ya shikamoo na marahaba hakunionyesha kiti, alininyooshea kidole kwenye mdomo wa korido.

"Fundi, jionee mwenyewe. Miezi mitatu tu."

Pale sebule inapopungua na kuwa korido, sakafu ya lamineti, ile ya vibao vyenye sura ya mbao, ilikuwa imenyanyuka kama paa la kibanda, kutoka ukuta huu hadi ule. Ukiikanyaga inashuka, ukiondoa mguu inapanda tena. Mbele zaidi, karibu na mlango wa bafu, hakukuwa na mnyanyuko, ila maungio ya mbao yalikuwa yamevimba na kutoa midomo. Ukipitisha kiganja unayahisi kama makovu.

Kila mtu alikuwa na wa kumlaumu. Fundi aliyeweka alisema mbao ni feki. Muuzaji, alipopigiwa simu, alisema fundi hakujua kazi. Mama mwenyewe alikuwa ameshahukumu: dada wa kazi anadeki kwa maji mengi. Dada alikuwa amesimama mlango wa jikoni na dekio mkononi, kimya, anasikiliza kesi yake ikisomwa mbele ya mgeni.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nakutana nacho, kwa sura hii au ile, kila msimu wa mvua. Tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, nyumba mpya zimejaa Nzuguni, Ilazo, Iyumbu na Kisasa, na watu ambao zamani wangeweka marumaru au kupiga niru tu sasa wanataka sakafu yenye sura ya mbao. Hawajakosea. Lamineti haina ubaridi wa marumaru asubuhi za Julai, na fundi anayeijua anaiweka sebule nzima kwa siku mbili bila saruji wala vumbi. Tatizo liko kwenye tunachokiangalia wakati wa kununua. Tunachagua rangi, tunauliza unene, tunabishania bei ya boksi. Lakini uhai wa sakafu hiyo hapa Dodoma unategemea nafasi iliyoachwa ukutani, hali ya jamvi, yaani zege lililo chini yake, na njia ambazo maji na mchanga huingilia ndani.

Nianze na vipimo. Sebule na sehemu ya kulia ni chumba kimoja cha mita 9.6 kwa 4.2. Korido ni mita 6 kwa 1.2, inaanzia sebuleni moja kwa moja bila mlango. Jumla ni kama mita za mraba 47.5. Ukiongeza asilimia 10 ya vipande vinavyopotea kwenye kukata unafika 52 na kidogo. Boksi za aina ile zina mita za mraba 2.4 kila moja, kwa hiyo 22 zilitosha. Mama alinunua 30 Dar es Salaam, akikusudia zile 8 za ziada aziweke dukani kwake. Duka nitalifikia.

Mbao zilifika mwishoni mwa Septemba, zikakaa wiki tatu sebuleni chini ya bati la moto, na Oktoba zikawekwa. Kuziacha zikae ndani ya nyumba kabla ya kuwekwa ni jambo jema. Saa 48 ndicho kiwango cha chini, na mzigo unaotoka kwenye joto la unyevu la pwani unahitaji siku zaidi. Hapo fundi wa kwanza alifanya vizuri na sina la kumwambia. Ila Oktoba ya Dodoma ni mwezi wa kuogopa. Mvua za hapa huisha Aprili. Ukifika Oktoba miezi sita imepita bila tone la maana, upepo umekausha kila kitu, hata mlango wa mninga umelegea kwenye fremu yake. Kisha mvua inaanza, mara nyingi Desemba, na karibu milimita zote 570 za mwaka zinashuka ndani ya miezi minne mitano. Kila anayeishi hapa anaijua ile droo ya kabati ambayo Oktoba inateleza yenyewe na Februari inagoma kufunguka. Lamineti ni droo hiyo hiyo, ila yenyewe imelala chini.

Ukiikata na kuitazama ubavuni utaona kwa nini. Sehemu kubwa ya unene wake ni nyuzi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na gundi na kushindiliwa kwa joto hadi zikawa ubao mgumu. Juu yake kuna karatasi iliyochapwa picha ya mbao, na juu ya karatasi kuna ngozi nyembamba inayoona ndani, ya resini, yaani gundi iliyokaushwa ikawa ngumu, iliyotiwa chembe za oksidi ya alumini. Chini kabisa kuna karatasi nyingine ya kuuzuia ubao usipinde. Ngozi ya juu haipitishi maji. Ubao wa katikati unayapenda maji kuliko kitu chochote. Unyevu wa hewa ukipanda unavimba polepole pande zote, ukishuka unasinyaa. Ndiyo maana sakafu hii haigongwi misumari wala haibandikwi gundi chini. Inaelea juu ya sponji, lile tandiko jembamba la chini, na kando zote za chumba inaachiwa milimita 10 hivi za kutanukia, zikafichwa na skatingi, ule ukanda unaopita chini ya ukuta.

Nilitoa kadi ya benki na kupiga magoti. Kadi ni kipimo changu cha kwanza: unailaza na kuitelezesha juu ya ungio, ikigonga ujue upande mmoja umepanda. Nilianzia chini ya meza ya chakula, mahali ambapo watoto wanamwaga na panadekiwa kila siku ya Mungu. Kadi ilipita. Nikaenda mbele ya kochi, ikapita. Nikapima maungio zaidi ya arobaini sebuleni, na yote yalikuwa laini. Kadi ilianza kugonga umbali wa kama mita moja na nusu kutoka mlango wa bafu.

Hapo nikamwambia mama jambo ambalo nilitaka dada alisikie pia. Kama ni deki, madhara yangekuwa mengi zaidi pale panapodekiwa zaidi, na yangeonekana kwenye maungio ya sebule nzima. Hayapo. Nikamwomba dada anionyeshe anavyofanya. Akachovya dekio, akalikamua kwa mikono yote miwili mpaka likaacha kudondosha, akapitisha. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mama alinyamaza, halafu akamwambia, "Nisamehe mwanangu, nilikusema bure." Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kulipwa siku hiyo. Katika nyumba nyingi kesi hii inaishia kwa binti kukatwa mshahara.

Sasa yale makovu ya bafuni yalitoka wapi? Dada ndiye aliyekuwa na jibu, ila hakuna aliyekuwa amemuuliza. Desemba maji yalikatika mchana, mtoto akafungua koki ya bafu, hakuona kitu, akaiacha wazi. Maji yakarudi usiku wa manane. Asubuhi korido ilikuwa imelowa mpaka nusu. Walikausha juu kwa matambara, wakaona yameisha, lakini maji yalikuwa yameshapita kwenye maungio na kutulia kwenye sponji. Kwenye mji wetu wa maji ya mgao, koki iliyosahaulika ni adui mkubwa wa sakafu hii kuliko mvua. Mwenye bafu linalofunguka kwenye korido, namshauri aweke kizingiti kidogo mlangoni, au mita ya kwanza aipige marumaru.

Hilo lilikuwa ugonjwa mmoja. Ule mnyanyuko wa mdomo wa korido ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa, na kuchanganya hivi viwili ndiko kulikofanya watu watatu walaumiane. Mbao za kwenye mnyanyuko zilikuwa kavu, na maungio yake yalikuwa yamefungana vizuri. Hazikuwa zimevimba mahali pamoja. Zilikuwa zinasukumwa.

Nikang'oa skatingi ya upande wa dirisha. Ubao ulikuwa umegusa plasta. Upande wa pili, vivyo hivyo. Mwisho wa korido kulikuwa na nafasi, ila fundi alikuwa ameijaza simenti nyeupe ili pafungike vizuri. Kwenye miguu ya fremu za milango pia, ubao ulikatwa kufuata fremu na kubanwa, wakati ilitakiwa fremu ikatwe kidogo chini ili ubao uingie kwa uhuru. Na kabati kubwa la vyombo la sehemu ya kulia lilikuwa limefungwa kwa skrubu nne zilizopita kwenye lamineti mpaka ndani ya zege. Skrubu nne zinatosha kuifunga sakafu nzima kama mbuzi kwenye kamba.

Juu ya hayo yote, sebule na korido vilikuwa kipande kimoja: mita 9.6 na mita 6, jumla mita 15.6 bila kukatwa popote. Watengenezaji wengi wanataka ukifika mita 8 hadi 10 uikate sakafu na kuweka utepe wa umbo la T wa kufunika mwanya, na pale chumba kipana kinapoingia kwenye chembamba ukate hata kama urefu haujafika huko. Fundi wa kwanza alisema mama mwenyewe ndiye aliyekataa utepe kwa kuwa unaharibu sura. Mama akakiri. Namwelewa, sakafu inayotiririka bila kizuizi inapendeza. Lakini wajibu wa fundi ni kukataa kwa heshima na kueleza, na kama mteja ameshikilia, amwandikie kwenye karatasi yatakayotokea.

Nikapima ule mnyanyuko. Kimo chake kilikuwa sentimita 4, na kuanzia unapoanza kupanda mpaka unapotua tena ni sentimita 160. Mama aliuliza mbao zimetanuka kiasi gani mpaka kufika vile. Yeye alidhani sentimita tatu au nne. Nikachukua penseli nikamchorea ukutani, nyuma ya ilipokuwa skatingi, hesabu ya pembetatu tuliyofundishwa shuleni. Nusu ya upana ni milimita 800, kimo ni milimita 40. Mraba wa 800 ni 640,000, mraba wa 40 ni 1,600, jumla 641,600, na kipeuo chake ni 801 kasoro chembe. Kila upande umeongezeka milimita moja. Pande mbili, milimita mbili.

"Milimita mbili tu?" Mama aliirudia mara mbili.

Milimita mbili tu. Sakafu iliyobanwa haina pa kwenda isipokuwa juu, na kitu kilicholala kikisukumwa kidogo kutoka pembeni kinapanda sana. Ikibanwa milimita tano kwenye upana wa mita mbili inapanda sentimita saba. Naomba kila anayejenga aikumbuke hesabu hii siku fundi wake anapotaka kufunga ukingo kwa simenti ili "paonekane pasafi".

Kabla ya kukata nilikagua mambo mawili mengine. La kwanza ni mchwa. Hapa kwetu mchwa wanakula fremu, wanakula kenchi, na ubao wa nyuzi kwao ni ugali laini. Nilipita kando zote za ukuta na bisibisi nikitafuta vile vijia vyembamba vya udongo. Sikuvikuta, udongo ulipigwa dawa kabla jamvi halijamwagwa. La pili ni unyevu wa jamvi lenyewe. Watu wa hapa wanapenda kuniambia, "Fundi, Dodoma pakavu, unyevu utoke wapi?" Hewa ni kavu, lakini zege lina maji yake ndani, na udongo ulio chini ya jamvi hausomi hali ya hewa ya juu. Nilifunua mbao sehemu mbili, moja katikati ya sebule na nyingine karibu na bafu, nikabandika juu ya zege kipande cha nailoni safi cha nusu mita kwa nusu mita, kingo zote nne zikiwa zimefungwa kwa solotepu pana, nikaviacha mpaka kesho yake. Cha sebuleni kilikuwa kikavu. Cha bafuni kilikuwa na matone upande wa chini, na zege lililofunikwa lilikuwa limepiga weusi. Hapakuwa na nailoni yoyote chini ya sponji, nyumba nzima.

Kipimo hiki ni bure kabisa, kinahitaji usiku mmoja tu, na nawasihi watu wakifanye kabla ya kulipa hata boksi moja.

Siku ya pili tulikata. Kabati tulilifungua skrubu, tukalinyanyua, tukaja kulifunga ukutani badala ya sakafuni. Tukatoa simenti nyeupe yote. Kisha nikapitisha msumeno mdogo wa umeme kando ya ukuta wa dirisha, nikiondoa ukanda wa milimita 10. Nilipohamia mdomo wa korido na kuikata sakafu kuvuka, mnyanyuko ulitoa mlio mmoja, kak, ukashuka wenyewe mbele ya macho ya mama. Hakuna aliyeugusa. Mbao zile zilizoitwa feki zilitua chini zikiwa nzima, na ziko pale mpaka leo. Za bafuni tulizitoa, mbao 7 zilizovimba, kwa sababu nyuzi zikishavimba kwa maji hazirudi. Tuliacha jamvi la pale likauke wiki mbili huku dirisha likiwa wazi, tukatandika nailoni nzito, sponji, ndipo mbao mpya. Sponji ni moja tu. Kuna wanaoweka mbili wakidhani itakuwa laini zaidi. Matokeo yake maungio yanacheza kila unapokanyaga, mpaka ulimi unaoshikanisha ubao na ubao unakatika.

Nilitaka pia kumwondolea mama wasiwasi wa "feki". Nilichukua kipande cha ziada, nikakipima kwa kaliba, milimita 8.0, nikakizamisha nusu kwenye sufuria ya maji usiku kucha. Asubuhi kilikuwa milimita 8.9 pale kilipolowa. Kipande nilichokuwa nacho kwenye begi, cha bei ya chini kutoka kazi nyingine, nacho cha milimita 8, kilifika 10.6 na ukingo wake ulichanua kama mkate uliolowekwa chai. Unene ni ule ule, ubao ni tofauti kabisa. Ukienda dukani omba kipande, nenda nacho nyumbani, kiloweke. Muuzaji anayekunyima kipande amekupa jibu.

Sasa duka. Mama alikuwa bado na boksi zake 8, mita za mraba 19.2, na duka lina mita za mraba 18. "Si zinatosha, fundi?" Kwa eneo tupu zinatosha, ila hapana.

Nilimgeuzia boksi tukasoma lebo pamoja. Ilikuwa AC3, na pembeni namba mbili, 23 na 31. Herufi AC zinapima ngozi ya juu inavyovumilia kusuguliwa. Namba inayoanza na 2 ni ya nyumbani, inayoanza na 3 ni ya biashara, na tarakimu ya pili ikipanda maana yake watu wengi zaidi. Kwa hiyo 23 ni nyumba yenye pilikapilika nyingi, inatosha sebule yake bila shaka. 31 ni biashara tulivu, kama ofisi ya mtu mmoja. Duka lake liko kando ya barabara yenye vumbi, wateja wanaingia kutwa nzima na mchanga viatuni. Mchanga wetu umetokana na miamba ya granaiti inayoonekana kila upande wa mji, umejaa madini ya kwazi, na ni mgumu kuliko kioo. Chembe za oksidi ya alumini ni ngumu kuliko huo mchanga, lakini resini inayozishikilia si ngumu hivyo. Mchanga unaisaga kidogo kidogo mpaka unaifikia picha, na picha ikishachubuka hakuna msasa wala vanishi itakayoirudisha, kwa sababu chini yake hakuna mbao ya kung'arisha. Kwa duka kama lile ningetaka angalau AC4 yenye namba 32, na kwa mlango wa barabarani ningependa zaidi 33. Tena kuna pasi ya mvuke, kuna kiti cha magurudumu cha fundi cherehani kinachozunguka mahali pamoja kutwa. Nilimwambia wazi: duka hilo liwe marumaru isiyoteleza, na zulia la kufutia miguu mlangoni.

Aliumia, maana fedha ilikuwa imeshatoka. Tukapima chumba chake cha kulala: mita 3.6 kwa 4, yaani 14.4, na ukiongeza ya kupotea unafika karibu 16. Boksi 7. Ile moja iliyobaki nilimwambia asiiuze wala asiitoe zawadi, aihifadhi juu ya kabati ikiwa imelala. Rangi ya toleo lijalo haitafanana, na siku ubao mmoja utakapodondokewa na kinu ataikumbuka.

Nyuma ya mlango wa sebule niliacha kipande kifupi cha skatingi kisichogongwa misumari, kinachochomoka kwa mkono. Februari, mvua ikiwa imekolea, nilipima nafasi pale: milimita 9. Nilirudi Oktoba, tarehe zile zile ambazo sakafu ilikuwa imewekwa mwaka uliotangulia. Dada ndiye aliyenifungulia, akaenda mwenyewe kuchomoa kile kipande kabla sijamwomba. Rula ilisoma milimita 13. Tukaiandika kwa penseli ukutani, chini ya ile 9, pembeni ya pembetatu.